Mashine ya Zenaida Isiyozimwa

Juu ya paa la nyumba yangu, hapa Lawton, Havana, kuna kebo nyeusi ya mita kama kumi na mbili. Inaanzia kwenye tangi la maji na inaishia hewani, haiendi popote. Mpaka mwaka jana mke wangu Mirelis alikuwa ananisumbua niikate, eti inamkera akianika nguo. Nikagoma. Mimi nikigoma nimegoma, nina miaka arobaini ya kunyoa watu wenye vichwa vigumu na nimeambukizwa. Kebo ile zamani ilikuwa inaenda kwa Zenaida Oquendo, nyumba ya tatu kwenye mteremko. Nikiitazama namkumbuka yule mama na gubu lake, nakikumbuka kipindi chetu chote, na kusema kweli nakitamani mpaka roho inauma. Siku hizi kila mtu ana intaneti yake mfukoni, kutwa shingo zimeinama. Sisi tulipanda mapaa, tukapiga kelele kutoka paa hadi paa, tukagombana, tukapatana. Tulikuwa tunaonana.

Mtandao wetu haukuwa intaneti. Tuliusuka wenyewe, kebo kwa kebo na antena kwa antena, kwa vifaa vya kuokoteza, na haukutoka nje ya Havana. Ndani yake mlikuwa na michezo, gumzo, tamthilia, matokeo ya besiboli na umbea wa kumtosha kila mtu. Nyumba arobaini na tatu za mtaa wetu zilikutana kwenye seva moja, yaani kompyuta inayoziunganisha zote, na seva hiyo ilikaa sebuleni kwa Zenaida, chini ya picha ya Mtakatifu Lazaro, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama jagi la maziwa.

Zenaida alikuwa fundi mstaafu wa mitambo ya simu. Mfupi, mkavu, miwani yake imefungwa kwa kipande cha waya wa simu, suruali za kiume miguuni. Suruali zilikuwa za mwanawe, Yoandri. Seva aliiunda Yoandri, na ndiye aliyemfundisha mama yake kuitunza, akimwandikia kila amri kwenye daftari la shule. Yule kijana kwa kompyuta alikuwa hatari, ila kwa kuandika, maskini, b na v, ambazo kwa Kihispania chetu zinasikika sawa, alizichanganya tangu darasa la kwanza. Zenaida alijifunza mfumo mzima kwenye daftari lile, akiwa na miaka hamsini na minane, huku akimsahihishia herufi kwa kalamu nyekundu.

Agosti ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu Yoandri akaenda Ekuado. Miezi sita tu, alisema, atafute vitu vya kuuza arudi. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemshushia begi. Pale mlangoni aliangalia huku na huku kama mtu aliyesahau funguo, halafu akamwambia mama yake, "Mama, usiizime mashine mpaka nirudi."

Alikuwa anacheka. Zenaida hakucheka hata kidogo, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi.

Basi yule mama akaifanya ile kazi. Na mnajua umeme wetu! Unakatika ukipiga chafya. Zenaida akatafuta betri mbili za lori akaziweka chini ya meza, akaziunganisha na inverta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, aliyoiunda kwa mkono wake. Giza likiingia mtaani, redio zikinyamaza, seva ilikuwa inaendelea kuvuma peke yake pale sebuleni. Betri zikianza kuchoka, Zenaida alitoka kibarazani akapiga ukelele mmoja, "Betriii!" na watu wakaja. Siku moja umeme ulikwenda asubuhi mpaka jioni haujarudi, jirani yetu dereva wa teksi akang'oa betri ya gari lake kuukuu akaileta mgongoni, abiria wake wamekaa ndani ya gari wanatukana.

Mashine ukiiuliza, inakwambia imekaa macho kwa siku ngapi tangu iwashwe. Kila Jumapili asubuhi Zenaida aliiuliza, akaandika jibu kwa chaki kwenye ubao kando ya mlango wake. Siku 200. Siku 365. Ilipofika 500 Mirelis alioka keki. Watu wakienda kununua mkate walipita kwanza kwa Zenaida kusoma ubao, na ukisikia mtu wa mtaa wa pili akijisifu kwa lolote, sisi tulimuuliza, "Yenu ina siku ngapi?" Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba zile zilikuwa siku za Yoandri. Tulijua tu. Simu zake zilianza za kila Jumapili, zikawa za kila mwezi, halafu zikawa za kuotea.

Sasa ninafika pale ambapo mimi, Nivaldo, kinyozi mwenye akili zake timamu, nilifanya upumbavu.

Ilikuwa Agosti ya elfu mbili na kumi na sita. Zenaida alikwenda Matanzas kwa dada yake siku nne, akaniachia ufunguo na daftari. "Uiangalie tu," akaniambia. "Usiiguse." Nikaiangalia siku moja. Siku ya pili ikaingia mtaani tamthilia mpya ya Brazili, sehemu zaidi ya sitini, na Mirelis akaja juu: kwa nini mtaa mzima wa chini wanaitazama na sisi hatuna? Nikaenda kuipakua, diski imejaa pomoni. Nikaanza kutafuta cha kufuta. Nikaona kitu kimeandikwa kiini, cha zamani, na kingine kimeandikwa kiini, kipya. Nikasema, cha zamani cha kazi gani? Mbona hata viatu vya zamani tunatupa?

Na mashine iliniuliza, jamani. Sitasema uongo. Iliandika kwamba ninataka kuondoa kiini ambacho inakitumia sasa hivi, halafu ikauliza: je, nisitishe? Mimi nina haraka, nasoma juu juu, naona swali, nikajibu hapana. Hapana, usisitishe! Kinyozi gani anaulizwa maswali ya namna hiyo? Ikafuta. Na nafasi niliyoipata ilitosha sehemu mbili za tamthilia. Mbili! Mashine ikaendelea kuvuma kama kawaida, nikajua mambo ni shwari.

Wiki tatu zikapita. Jumatano moja ya Septemba nikiwa kwa Zenaida nakunywa kahawa, akaingia Pavel na baiskeli yake. Pavel ndiye aliyekuwa na kituo kikubwa ambacho mitaa kama yetu ilijiunganisha nacho. Mrefu, mpole, lakini akiamua kitu harudi nyuma.

"Dada Zenaida, kuna mashine zimeingia mdudu," akasema. "Zinamwaga takataka kwenye mtandao mpaka watu hawawezi hata kusalimiana. Nyingine ziko mtaani kwako."

"Za nani?"

"Sijui, na sina muda wa kugonga milango arobaini na tatu. Kila kituo kiweke kanuni mpya kwenye ngome yake. Kila nyumba ipewe kipimo, maombi kadhaa kwa dakika, yakizidi yatupwe. Nimekuandikia hapa." Akatoa karatasi. "Mwisho Jumapili saa sita mchana. Kituo ambacho hakijaweka, nakata kebo. Sina ubaya na wewe."

"We Pavel! Ngome yangu imesimama tangu wewe unavaa kaptula."

"Najua. Jumapili saa sita," akasema Pavel, akapanda baiskeli.

Ngome ndiyo sehemu ya seva inayoamua kipi kipite na kipi kirudishwe. Zenaida alikuwa anaijua kama jiko lake. Akavaa miwani, akaandika ile kanuni, akabonyeza. Mashine ikamjibu: hakuna kitu chenye jina hilo.

"Umekosea herufi," nikamwambia.

"Mwanangu ndiye anayekosea herufi." Akaandika tena. Hakuna kitu chenye jina hilo. Akanipa karatasi nimsomee herufi moja moja. Mara ya tatu, jibu lile lile. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati.

"Basi siyo mkono wangu," akasema. "Hili jibu lina hila. Linakwambia jina halipo, kumbe jina lipo, kilichokosekana ni chombo chenyewe." Akanieleza huku anaandika. Alipenda kueleza, alikuwa na subira na mashine kuliko na watu. Kila mfumo una kiini, ndicho kinachoendesha kila kitu. Kiini hakibebi vyombo vyote mkononi. Vingine vimewekwa kwenye droo, vinaitwa moduli, kikihitaji kimoja kinakwenda kukichukua. "Kanuni zangu za zamani zinafanya kazi kwa sababu vyombo vyake vilishatolewa miaka mitatu iliyopita, vimo mkononi. Hii mpya inataka chombo ambacho hakijawahi kutolewa. Sasa ngoja nikiambie kikakilete."

Akaandika. Jibu likaja: hakuna chombo, na droo yenyewe haipo.

"Ebo! Droo haipo?"

Akaenda kwenye diski kutazama. Droo ilikuwa moja tu, na imeandikwa jina la kiini kipya. Akaiuliza mashine, wewe hapo unatumia kiini gani? Ikajibu cha zamani. Kile kipya alikiweka yeye mwenyewe miezi ya nyuma kikae akiba, kwa sababu kiini kipya hakianzi kazi mpaka mashine izimwe iwashwe, na yeye haizimi.

"Kiini cha zamani kiko kazini na droo yake imetoweka," akasema polepole. "Nivaldo, droo haiwezi kutembea yenyewe."

Kumbe nilipokifuta kiini cha zamani, droo yake ilifutika nacho, kikabaki kile tu ambacho mashine ilikuwa imeshakishika mkononi. Nikasema nina mteja, nikaondoka. Ndiyo, nilikimbia. Mnaonicheka, mngekuwa nyinyi?

Alhamisi kutwa alihangaika. Alijaribu kukilisha kiini cha zamani chombo kutoka kwenye droo mpya. Kikakikataa: muundo si sahihi. Ijumaa akaenda kwa miguu mpaka Santos Suárez kwa bwana mmoja asiyetupa kitu, ana diski za tangu enzi na enzi. Akarudi jasho linamtiririka, kadi ya kumbukumbu mkononi, furaha imemjaa mpaka akanipungia mkono kutoka kona ya barabara. Namba ya kiini ilikuwa ile ile! Kumbe kilitengenezwa kwa mashine za aina nyingine, ndogo kuliko seva yetu. Kikakataliwa pia. Nilimkuta amekaa mbele ya kioo cha mashine, mikono mapajani, hata kofia hajavua. Hapo nikashindwa kulala vizuri, na Jumamosi asubuhi nikaenda kujisalimisha.

"Zenaida, droo nimeifuta mimi."

Alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo, akanitwanga nacho usoni, kimelowa. Halafu akakaa.

"Kwa nini?"

"Nafasi ilikuwa imejaa. Mirelis alitaka tamthilia."

"Ipi?"

"Ile ya daktari mwenye mapacha."

"Na imeishaje?"

"Wameoana."

"Wapumbavu," akasema Zenaida, sijui kama alimaanisha wale au sisi. "Mashine haikukuuliza?"

"Iliniuliza. Nilijibu vibaya."

Akafyonza. Nikamwambia kitu ambacho hata kinyozi alikuwa ameshakielewa kufikia hapo: ukiizima ukaiwasha, itaamka na kiini kipya, droo yake ipo kamili, kanuni itakubaliwa. Kazi ya dakika tano.

"Unadhani sijui? Nimejua tangu Jumatano." Akaigusa mashine juu ya kile kitambaa chake. "Diski yake imezunguka miaka mitatu bila kusimama. Za umri huu zikisimama, nyingine hazizunguki tena. Kila alichokiandika yule mtoto kimo humu." Akakinyoosha kitambaa. "Halafu alisema mpaka arudi."

Nilitamani anipige tena na kitambaa.

Jumapili saa tano watu walijaa kibarazani. Habari zilishaenea, na upumbavu wangu pia, kwa hiyo nilisimama nyuma nikitafuta pa kuweka mikono. Ubao haukuwa umeandikwa. Dereva wa teksi akaingia mpaka sebuleni, kofia mkononi, akasema kwa niaba ya wote.

"Zenaida, tumekaa tumeongea. Acha wakate. Mtandao tutaukosa, tutacheza domino. Usiizime kwa ajili yetu."

Nyumba arobaini na tatu, jamani. Watu waliokuwa wanatukanana kwa sababu ya mchezo kukwama nusu dakika. Nililia pale pale na sioni haya kusema.

"Domino!" Zenaida akafoka. "Wewe unaiba kwenye domino tangu ujana wako, nani atacheza na wewe? Na yule bibi wa nyumba ya kona anayeongea na wajukuu zake wa Marianao kila siku, naye acheze domino? Tokeni mlangoni, mnaniziba hewa."

Hakuna aliyetoka. Pavel akafika na koleo la kukatia kebo mkononi, akaangalia saa yake. Ilikuwa imebaki nusu saa.

Zenaida akaiuliza mashine kwa mara ya mwisho. Akatoka, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa namba kubwa: 1,118. Akarudi, akaniita ndani, akaondoa kitambaa cha kufuma, akakikunja mara nne akaniwekea mkononi. Akaketi. Akaandika amri, kidole kikasimama juu ya kitufe, nikaona midomo yake inatembea. Akabonyeza.

Ule mvumo ukashuka, ukashuka, ukaisha. Miaka mitatu hatukuwahi kuisikia sebule ile ikiwa kimya. Nilisikia friji ya jikoni, nikasikia saa ya ukutani ambayo sikujua kama inafanya kazi. Zenaida akahesabu mpaka kumi kwa sauti, kama anavyofanya fundi wa simu, akabonyeza swichi.

Diski ikagonga. Tak. Tak. Ikanyamaza.

"Mama yangu we," akasema dereva wa teksi.

Tak. Halafu ikaanza kuguna, ikapanda, ikazunguka! Kibaraza kizima kikapiga makofi. Maandishi yakaanza kupita kwenye kioo haraka haraka, kiini kipya kikajitaja jina, droo ikafunguliwa, vyombo vikaitwa kimoja kimoja. Nikamshika Zenaida bega. Na hapo maandishi yakakoma. Kioo kikawa cheusi kitupu, kisha yakatokea maneno ambayo hayakuwa ya mashine.

Mama, yalisema. Umeme umekatika, sivyo? Nakupa wiki moja, ukijitahidi sana mbili. Usilie, haijafa, inaamka yenyewe, nimeiwekea kila kitu. Pale mlangoni nilikwambia usiizime mpaka nirudi kwa sababu sikupata neno lingine la kusema. Sirudi, mama. Siyo miezi sita. Nilishindwa kukwambia usoni. Ukisoma hii basi umeshaiwasha mwenyewe bila mimi, kwa hiyo hunihitaji. Nisamehe. Bonyeza kitufe kikubwa iendelee.

Aliificha mahali pa vitu vinavyosomwa mashine inapowashwa tu. Alitegemea mama yake aisome baada ya wiki moja, yeye mwenyewe akiwa hata hajazoea kitanda cha ugenini. Na sisi, kwa betri zetu za lori na za teksi, kwa keki na kwa makelele yetu, tulimzuia asiisome siku elfu moja mia moja na kumi na nane. Waliokuwa nyuma walikuwa wanauliza, "Imeandika nini? Imeandika nini?" huku wakisukumana.

Zenaida alisogeza uso karibu na kioo. Akasoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena. Kisha akanyoosha kidole kwenye neno moja, ambalo kwa Kihispania chetu lina v mbili.

"Tazama," akasema, sauti kavu. "Hilo neno la 'sirudi'. Kalikosea herufi mbili. B mbili mahali pa v. Miaka kumi na miwili ya shule."

"Zenaida," nikasema.

"Saa ngapi, Pavel?"

"Sita kasoro dakika nane," Pavel akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Akabonyeza kitufe kikubwa. Mashine ikamaliza kuamka. Akaandika ile kanuni ya ngome, bila karatasi, alikuwa ameshaishika kichwani. Safari hii mashine haikujibu neno, na kwenye ngome ukimya ndiyo kukubaliwa. Akapanga kipimo, akaitazama orodha, nyumba tatu zikaonekana papo hapo zinamwaga takataka na takataka yao inatupwa nje. Mojawapo ilikuwa ya dereva wa teksi. Pavel akarudisha koleo mfukoni, akamwinamia Zenaida kichwa kama kanisani, akaondoka.

"Nakwenda kuweka kahawa," akasema Zenaida. Tukasikia bomba la jikoni likimwaga maji, likimwaga sana, kwa mtu anayejaza birika la vikombe sita. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akauliza nani hana kikombe.

Siku iliyofuata alizirudisha betri za lori. Ubao akaufuta. Tangu hapo umeme ukikatika aliiacha mashine izimike na wengine wote, akakaa kibarazani na sisi akipigwa upepo, na umeme ukirudi aliingia ndani peke yake kuiwasha. Tulimwacha kidogo kabla hatujaanza kupiga kelele za michezo. Alikuwa na barua ya kusoma.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa zikaja kanuni mpya za serikali, tukaambiwa tushushe antena na kebo. Tulizishusha mchana mmoja, watu wazima wanalia juu ya mapaa. Ya kwangu niliikata upande wa kwake tu. Zenaida aliugua mwaka wa pili baada ya hapo, akaenda haraka, hakutaka kusumbua mtu. Yoandri hakuweza kuja kumzika. Alinipigia simu, akaongea mambo ya jeneza na maua kwa adabu, akaniambia mashine nichukue mimi.

Niliiweka chini ya kitanda nikaogopa kuigusa, nilishaigusa mara moja ikatosha. Mwaka jana Mirelis alikuwa anafagia, akasema ama iwake ama itoke. Nikaiweka mezani, nikaichomeka. Tak, tak, ikazunguka, bikizee yule. Maandishi yakapita, kioo kikawa cheusi, barua ikatokea. Nikaisoma kwa machozi yangu ya zamani, nikafika kwenye lile neno. Sirudi. Herufi zote mbili zilikuwa zimesahihishwa.

Na chini kabisa, baada ya ile habari ya kitufe kikubwa, palikuwa na mstari mmoja ambao Yoandri hakuuandika. Ulisema: Nilijua tangu pale mlangoni, mwanangu. Nilitaka tu uone kwamba naweza.

Nikapiga picha kioo nikamtumia Yoandri kule Ekuado. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akaandika swali moja tu, akitaka kujua kama kebo ya kwenda kwao bado ipo pale juu kwangu. Mirelis alikuwa anasoma begani kwangu. Nikamjibu Yoandri ipo.

Mirelis hajaniambia tena niikate.